Kompyuta mpya haiwaki? Msigombane, anzeni na soketi

Najua wiki iliyopita niliahidi kuzungumzia watoto na likizo ndefu, lakini mada hiyo itasubiri kidogo. Kuna ujumbe ulioingia kwenye simu yangu ambao hauwezi kungoja, na ninaamini nyumba nyingi zenye vijana zitajiona humo. Nimeufupisha na kuondoa yale ambayo yangemtambulisha mwenyewe.

"Anti, habari za kazi. Mwanangu wa kiume amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Ana kipaji cha kuhariri picha na video za harusi, na siku zote amekuwa akitumia kompyuta ya rafiki yake. Akaniomba nimsaidie kuunda ya kwake, ile ya mezani. Akanieleza kwamba kununua vifaa kimoja kimoja na kuviunga mwenyewe ni nafuu kuliko kununua iliyokamilika. Nikakopa kwenye kikoba shilingi laki nane, yeye akaongeza akiba yake. Vifaa vingine ni vipya, vingine vya mtumba. Ijumaa ameunga mpaka usiku wa manane. Kuwasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi, inaandika hakuna mawimbi. Baba yake anasema tumetapeliwa na mtoto amechezea pesa. Fundi wa hapa mtaani ameitazama dakika mbili akasema ubao umeungua, anataka laki mbili na nusu. Mtoto hali vizuri wala hasemi na mtu. Marejesho yanaanza mwisho wa mwezi. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole sana. Nianze na la haraka: usimpe fundi huyo hata shilingi moja leo. Sisemi kwamba ubao hauwezi kuwa umeungua. Unaweza. Lakini ubao ulioungua haujulikani kwa kuutazama dakika mbili bila kuchomoa wala kupima kitu. Kompyuta iliyoungwa jana na kugoma kuwaka leo, mara nyingi ina waya uliosahaulika, kifaa ambacho hakikuzama vizuri mahali pake, au vifaa viwili visivyoelewana. Mafundi wanaoziunda kila siku huanza kutafuta hapo kabla ya kulaumu kifaa chochote.

La pili, hasira ndani ya nyumba ina gharama yake kwenye meza hiyo. Kijana anayefokewa hufanya kazi kwa pupa. Anachomoa waya umeme ukiwa bado unapita, analazimisha kadi isiyotaka kuingia, anapindisha vipini vya prosesa vilivyo vyembamba kama nywele. Kifaa kilichokuwa kizima Ijumaa kinakufa Jumapili kwa sababu ya kutafuta kosa vibaya. Kwa hiyo tunaanza na amani, halafu ndipo tushike bisibisi.

Mzungumze na baba kwanza

Usimwambie mumeo mbele ya kijana kwamba amekosea. Baba anayeona deni la kikoba na sanduku lenye skrini nyeusi ana haki ya kuogopa, na hofu ya wanaume wengi hutoka ikiwa imevaa hasira. Mtafute akiwa ametulia, mwambie hivi: "Baba nanihii, naomba tusilipe mtu yeyote kwa siku mbili. Tukague wenyewe hatua kwa hatua, na nataka uwepo." Kisha mpe kazi. Mwache ashike tochi na daftari. Kazi ya kukagua kompyuta inahitaji mtu mmoja wa kugusa na mtu mwingine wa kuandika nini kimeguswa, na hapo baba atajionea mwenyewe kama mtoto alichezea pesa au alifanya kazi ya maana.

Kwa kijana, acheni swali la "umeharibu nini?" Mwambie asimulie alianza na nini akamalizia na nini. Nusu ya makosa hujitokeza mtu anapoisimulia kazi yake kwa sauti.

Sasa twende mezani.

Kabla ya kugusa chochote

Zimeni swichi ya ukutani, chomoeni waya wa umeme, halafu bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Fanyeni kazi juu ya meza, si juu ya zulia, na mwenye kushika vifaa aguse kwanza chuma cha kasha ambacho hakijapakwa rangi. Mwili hubeba umeme ambao hatuusikii, lakini vifaa hivi vinausikia. Skrubu ziwekwe kwenye kibakuli. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha mwashe na muandike matokeo. Mkibadilisha mambo matatu kwa pamoja na ikawaka, hamtajua nini kilikuwa kibovu. Ikizidi kuharibika pia hamtajua.

Na sheria isiyovunjwa: lile boksi la umeme lililo ndani ya kasha, ambalo mafundi huliita pawa saplai, halifunguliwi nyumbani. Hata likichomolewa ukutani, ndani yake kuna vifaa vinavyohifadhi umeme wa kutosha kumdhuru mtu.

"Haiwaki" ni magonjwa manne

Mtu akienda hospitali akasema "naumwa" tu, daktari lazima aulize anaumwa wapi. Neno "haiwaki" nalo ni hivyo hivyo. Kompyuta inapobonyezwa hupita vituo kadhaa: kwanza umeme unafika, kisha inajipima yenyewe kama prosesa, RAM na kadi ya picha vipo na vinafanya kazi, na mwisho ndipo inatafuta diski yenye Windows au programu nyingine ya kuiendesha. Ikigoma, angalieni imegoma kwenye kituo gani. Kuna aina nne za kugoma, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza: kimya kabisa

Ukibonyeza hakuna feni, hakuna taa, hakuna chochote. Anzeni na soketi ya ukutani: chomekeni chaja ya simu pale pale muone kama inachaji. Angalieni swichi ndogo nyuma ya pawa saplai. Upande wenye mstari ndio umewashwa, upande wenye duara umezimwa. Pawa saplai nyingine za zamani zina kitufe chekundu cha kuchagua 115 au 230. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo lazima kisome 230 kabla ya kuchomeka. Kikiwa 115 ukawasha, pawa saplai huungua papo hapo.

Baada ya hapo, angalieni waya mkubwa wenye vipini 24 unaoingia pembeni mwa ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi. Huo ni mgumu kuingia, na wengi huuacha ukiwa umezama nusu. Usukumeni mpaka kile kishikio chake kibane.

Mwisho ni vile vijiwaya vyembamba vinavyotoka kwenye kitufe cha mbele ya kasha. Vinachomekwa kwenye vipini vidogo sana pembeni chini ya ubao, na kitabu cha ubao kinaonyesha ni vipi. Kijiwaya cha kitufe hakijali upande gani uko mbele, lakini lazima kikae kwenye vipini vyake viwili sahihi. Mkikosea kipini kimoja tu, mtabonyeza mpaka kesho.

Ya pili: inashtuka na kuzima

Feni zinazunguka sekunde moja au mbili, kisha inazima, pengine inarudia tena na tena. Hapa mashine inajilinda. Sababu moja ni chuma kugusa mahali pasipotakiwa. Ubao mama hukaa juu ya vijiguu vidogo vya shaba ili usiguse kasha. Kijiguu kimoja kikifungwa mahali ambapo ubao hauna tundu, kinagusa mgongo wa ubao na kuleta shoti. Skrubu iliyodondoka nyuma ya ubao hufanya vivyo hivyo. Tikiseni kasha taratibu likiwa halina umeme. Mkisikia kitu kinacheza, kitafuteni.

Sababu nyingine ni joto. Kama feni ya prosesa haijabana vizuri, au karatasi ya nailoni iliyokuja chini ya kipoozeo haikubanduliwa, prosesa hupata joto kwa muda mfupi sana na mashine inajizima. Waya wa feni hiyo nao uchomekwe pale palipoandikwa CPU_FAN, si kwenye sehemu nyingine ya feni za kasha.

Ya tatu: feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hii ndiyo ya kwako, dada yangu, na ndiyo inayotisha kuliko nyingine kwa sababu mashine inaonekana hai lakini haisemi. Fuateni utaratibu huu kwa mpangilio, kuanzia jambo jepesi mpaka zito.

Anzeni na skrini yenyewe. Kama mna televisheni sebuleni yenye tundu la HDMI, chukueni waya wake na mjaribu kuiunga kompyuta hapo. Hivyo mtajua kama tatizo ni skrini au waya.

Angalieni waya wa skrini umechomekwa wapi nyuma ya kompyuta. Kuna matundu ya juu, yaliyo pamoja na matundu ya USB; hayo ni ya ubao mama. Kuna mengine chini yake, yaliyolala. Hayo ni ya kadi ya picha. Kama kompyuta ina kadi ya picha, waya uende kwenye kadi. Kosa hili ni dogo mno na linawapata hata wazoefu. Prosesa nyingi hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe: Ryzen 5 5600 haina, lakini 5600G inayo, Intel i5-12400 inayo, lakini i5-12400F haina. Herufi moja hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyomnyima kijana wako usingizi. Na kama alinunua prosesa isiyotoa picha bila kununua kadi, hakuna kitakachoonekana kwenye skrini hata kama kila kifaa ni kizima.

Kama waya uko kwenye kadi, tazameni kadi yenyewe. Izame mpaka kishikio cha mwisho wa tundu kitoe mlio. Kadi nyingi zinahitaji waya wake wa umeme, wenye vipini sita au vinane, kutoka kwenye pawa saplai. Kadi isiyopewa umeme huo inaweza kuzungusha feni na isitoe picha.

Sasa tazameni juu kushoto mwa ubao, karibu na prosesa. Kuna tundu la vipini vinane, au vinne, linalopeleka umeme kwenye prosesa. Liko kwenye kona, mkono haufiki kirahisi, na ndilo linalosahaulika sana. Likiwa tupu, feni zitazunguka na taa zitawaka, lakini prosesa haina umeme, kwa hiyo hakuna cha kuonekana. Angalizo: waya wa prosesa na ule wa kadi ya picha vinafanana sana machoni, lakini haviingiliani. Kwa kawaida vimeandikwa CPU na PCIe. Msilazimishe.

Inayofuata ni RAM, vile vipande virefu vyembamba. Vichomoeni vyote. Chukueni kimoja tu, mkirudishe kwenye nafasi ya pili kuhesabu kutoka upande wa prosesa, kama ubao una nafasi nne. Bonyezeni pande zote mbili mpaka msikie kubana. Mtu asiyezoea huogopa kubonyeza kwa nguvu inayohitajika, akakiacha kimekaa tu juu juu. Washeni. Ikikataa, wekeni kipande kingine mahali pale pale. Vikiwa vizima vyote, viwili hukaa nafasi ya pili na ya nne. Angalieni pia aina: DDR4 haiingii kwenye ubao wa DDR5, wala DDR5 kwenye wa DDR4, kijitundu chake kimewekwa mahali tofauti makusudi. Kikikataa kuingia hata mkikigeuza, huenda kimenunuliwa kisicho chake.

Na kama ubao wenu ni wa DDR5, kuweni na subira. Mara ya kwanza kuwashwa, mbao hizi huchukua dakika kadhaa kuzoeana na RAM huku skrini ikiwa nyeusi. Wapo wanaozima na kuwasha kila baada ya dakika moja, wakaikatisha kazi yake kila mara. Iacheni dakika 10 hivi mkinywa chai.

Bado? Tafuteni kwenye ubao betri ya mviringo kama sarafu, iliyoandikwa CR2032. Umeme ukiwa umechomolewa ukutani, itoeni, msubiri kama dakika tano, muirudishe. Hiyo husahaulisha ubao mipangilio yake ya zamani, jambo la maana sana kama ubao ni wa mtumba na ulipangwa kwa vifaa vya mtu mwingine.

Mbao nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Mashine inapojipima taa hizo huwaka na kuzima kwa zamu. Ile inayobaki imewaka ndiyo inayoonyesha ilipokwama. CPU ni prosesa, DRAM ni RAM, VGA ni kadi ya picha, BOOT ni diski. Baba mwenye daftari aandike ni ipi. Taarifa hiyo moja ni ya thamani kuliko maneno ya fundi aliyetazama dakika mbili.

Kama yote hayo yameshindikana, toeni ubao kwenye kasha, muuweke juu ya boksi la karatasi ngumu lililokuja nao. Acheni prosesa na kipoozeo chake, kipande kimoja cha RAM, nyaya mbili za umeme na kadi ya picha tu. Hakuna diski, hakuna kitu kingine. Ikiwaka hapo, kosa lilikuwa kwenye kasha au kwenye kifaa mlichokiacha nje. Rudisheni kimoja kimoja, mkiwasha kila mara.

Wakati ubao uko nje, tazameni pia vipini vya prosesa. Kwenye Ryzen za zamani mpaka mfululizo wa 5000 vipini viko kwenye prosesa yenyewe. Kwenye Intel na Ryzen mpya viko kwenye ubao. Kikipinda kimoja msikinyooshe kwa pini ya nguo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye lenzi na mkono mtulivu.

Vifaa vizima visivyojuana

Nimeliweka jambo hili peke yake kwa sababu linahusu sana mchanganyiko wa vipya na vya mtumba, kama wa mwanao. Kila ubao una programu ndogo inayoishi ndani yake, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, inaitwa BIOS. Ndiyo inayoitambua prosesa. Ubao uliotengenezwa kabla ya prosesa fulani kuzaliwa haumjui mgeni huyo mpaka programu hiyo isasishwe. Mbao za B450, kwa mfano, zilitoka mwaka 2018, na Ryzen za mfululizo wa 5000 zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2020. Ukichukua ubao wa B450 wa mtumba ambao haujasasishwa ukauwekea Ryzen 5 5600, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi, ingawa kila kifaa ni kizima.

Dawa yake ni kusasisha BIOS. Mbao nyingine zina kitufe maalumu nyuma cha kufanyia hivyo kwa flashi, hata bila prosesa kutambuliwa. Zisizo na kitufe hicho, fundi huweka kwa muda prosesa ya zamani inayotambuliwa, anasasisha, kisha anarudisha yako. Umeme usikatike katikati ya kazi hiyo, kwa sababu ubao unaweza kufa kweli. Ifanyieni penye umeme wa uhakika au betri ya akiba.

Ya nne: inaandika kwamba haioni diski

Mkiona maandishi kwenye skrini, hata yakiwa ya kulalamika kwamba hakuna diski ya kuwashia, pigeni vigelegele. Maana yake prosesa, RAM, kadi na ubao vyote vimejipima na vimepita. Kilichobaki ni chepesi. Huenda diski ni mpya na haina Windows ndani, jambo la kawaida kabisa. Kijana achukue flashi ya GB 8 au zaidi, aiandae kwenye kompyuta ya rafiki yake kwa programu ya bure iliyo kwenye tovuti ya Microsoft, kisha aanze nayo.

Kama diski haionekani kabisa kwenye BIOS, angalieni imechomekwa sawasawa. Diski za SATA zina nyaya mbili, moja ya umeme na nyingine ya data. Zote mbili zinahitajika. Zile nyembamba za M.2 huingia kwa mshazari, kisha hulazwa na kufungwa kwa skrubu.

Mkilazimika kwenda kwa fundi

Mkimaliza hatua hizi bila mafanikio, hakuna aibu kwenda kwa fundi. Lakini nendeni mkiwa na daftari. Mwambieni: feni zinazunguka, taa fulani imebaki imewaka, tumejaribu hiki na hiki. Muulizeni bei ya kupima kando na bei ya kutengeneza. Fundi wa kweli atapima kwa kubadilisha: ataweka RAM yake nzima, pawa saplai yake nzima, kadi yake nzima, kimoja kimoja, mbele ya macho yenu, mpaka mashine iwake. Kifaa kilichobadilishwa ikawaka, ndicho kibovu.

Kabla ya kuiacha dukani, pigeni picha za kila kifaa na namba zake, na mwandikishiane. Vifaa hubadilishwa, na mzazi asiyejua hatajua.

Kifaa kipya kikithibitika kuwa kibovu, kirudisheni kilikonunuliwa pamoja na risiti. Kwa vya mtumba, mara nyingi muuzaji hutoa siku chache tu za kukijaribu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuacha ugomvi na kuanza kukagua leo. Siku mnazopoteza mkinuniana ni siku za dhamana zinazokwisha. Na safari nyingine, kifaa cha mtumba kiwashwe dukani kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Deni la kikoba

Dada yangu, sasa turudi kwako. Deni la kikoba na ugonjwa wa kompyuta ni mambo mawili, usiyachanganye. Hata ikiwaka kesho asubuhi, haitaleta pesa ya harusi kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo panga rejesho la kwanza kana kwamba kompyuta haipo: punguza mahali fulani, au nenda kwa mweka hazina wenu kabla ya tarehe, si baada yake, umweleze ukweli. Vikundi vingi humvumilia mwanachama anayetangulia kusema.

Kaeni na kijana, baba akiwepo, mwandikiane. Kwa kila kazi ya harusi atakayoipata, kiasi fulani kiende kwenye marejesho mpaka deni liishe. Kabla mashine haijapona, aendelee kuomba ile ya rafiki yake ili asipoteze wateja. Mtoto anayejua anadaiwa kiasi gani na atalipaje hulala vizuri kuliko anayeambiwa tu kwamba amepoteza pesa za nyumba.

Na ikithibitika kwamba kweli kuna kifaa kimeungua, msimnyang'anye bisibisi. Kaeni muangalie ni kipi, bei yake ni kiasi gani, na kama kinaweza kusubiri mwezi mmoja. Kompyuta ya kuunga ina uzuri huo: kinachokufa kinabadilishwa peke yake, vingine vinaendelea kuishi. Laki nane zako haziwezi kuwa zimepotea zote kwa kifaa kimoja.

Mkimaliza kukagua, niandikie tena uniambie taa gani ilibaki imewaka. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako mliwahi kupata tatizo kama hili mkalitatua, tuma ujumbe tuwasaidie wengine. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mada ya watoto na likizo. Nawatakia mapumziko mema ya mwisho wa wiki.